Diski ni chombo, kilichomo ndicho amana



Ndugu msomaji, ni nadra kuingia katika nyumba ya Muislamu hapa kwetu usikute, juu ya kabati au nyuma ya televisheni, mfuko au kisanduku kilichojaa diski. Humo mna DVD za harusi, CD za kaswida, mihadhara ya masheikh ambao baadhi yao wamekwishatangulia mbele ya haki, na picha za watoto ambao leo ni wazazi. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii, mpiga picha aliyemaliza kazi yake aghalabu alikukabidhi diski. Kanda za video zilikuwa zinaondoka, na simu za mkononi zilikuwa hazijapata uwezo wa kubeba shughuli nzima. Kwa hiyo kumbukumbu nyingi za kizazi kimoja zimefungwa ndani ya duara la plastiki lenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2.

Diski hizo sasa zinazeeka, na vyombo vya kuzisomea vinaadimika. Kompyuta nyingi za mpakato zinazouzwa siku hizi hazina tena mahali pa kutia diski. Februari 2025 kampuni ya Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia. DVD tupu bado zinapatikana madukani, na draivu za kuzichomea bado zinauzwa, lakini hakuna anayeweza kutuahidi kwamba hali itabaki hivyo. Juma hili basi tuzungumze namna ya kuitoa amana ndani ya chombo kinachochakaa, tukaihamishie katika chombo kizima.

Swali la dada yetu

Dada mmoja wa Tanga ameiandikia safu hii. Aliolewa mwaka 2006. Upande wa akina mama ulirekodiwa na mpiga picha mwanamke, na ndani ya DVD hiyo mna dakika chache ambapo mama yake mzazi anampa nasaha bibi harusi mbele ya wanawake wenzake. Mama huyo amefariki dunia, na hakuna mahali pengine popote ambapo sauti yake imesalia. DVD imeanza kukwama: picha huganda, huvunjika vipande vipande, kisha huruka.

Miaka miwili iliyopita, kabla hali haijawa mbaya kiasi hiki, alimwomba kijana wa jirani amtolee nakala. Akarudishiwa diski ambayo deki inaikataa, na ikitiwa kwenye kompyuta huonekana faili moja tu. Kuipeleka dukani hataki, kwa sababu ndani yake mna wanawake waliojipamba wakiwa miongoni mwao wenyewe, bila hijabu. Anauliza kama kazi hii yaweza kufanywa nyumbani na binti yake aliyemaliza kidato cha nne.

Jibu ni kwamba yaweza, tena nyumbani ndipo mahali pake. Ila ni lazima ifuatwe kwa utaratibu: kwanza taswira, pili uhakiki, na mwisho ndiyo kuchoma. Wengi huanza na la mwisho.

Taswira ya diski ni nini?

Watu wakitaka kunakili diski huifungua kwenye kompyuta, wakachagua mafaili yaliyomo na kuyaburuta hadi kwenye folda nyingine. Kwa diski ya picha za mnato njia hiyo hutosha. Kwa DVD ya video huenda isitoshe. Ukiifungua DVD ya harusi utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya aina tatu: VOB, ambamo mna picha na sauti, IFO, ambamo mna maelekezo yanayoiambia deki ianze wapi na ielekee wapi, na BUP, ambayo ni akiba ya maelekezo hayo. Deki hutarajia kukuta kila kitu mahali pake juu ya diski, kwa mpangilio uliowekwa. Mpangilio ukivurugika, kompyuta yaweza kuvumilia, lakini deki ya sebuleni huenda ikagoma.

Taswira ya diski ni kitu kingine. Ni faili moja kubwa ambamo kompyuta imeinakili diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, kipande kwa kipande, kila kipande baiti 2,048, bila kuchagua wala kupanga upya. Jina la diski, folda, menyu na mpangilio, vyote vimo. Mfano wake ni mtu aliyeazima kitabu. Anaweza kuandika sura anazozitaka katika daftari lake, au anaweza kupiga picha kila ukurasa, jalada kwa jalada, pamoja na fahirisi na kurasa tupu. Wa pili ndiye awezaye kukitoa tena kitabu kile kile.

Jina la faili hilo kwa kawaida huishia na .iso. Herufi hizo zimetokana na kanuni ya ISO 9660, iliyotolewa mwaka 1988 na Shirika la Kimataifa la Viwango lenye makao yake Geneva, ili diski iliyoandikwa na kompyuta ya aina moja isomeke na kompyuta ya aina nyingine. DVD hutumia pia mfumo mwingine uitwao UDF, lakini jina la .iso limebaki.

CD ya kaswida iliyotengenezwa ili ichezwe kwenye redio ina hukumu yake. Hiyo haina mafaili kabisa. Sauti imeandikwa moja kwa moja juu ya diski, vipande 75 kwa kila sekunde, kila kipande baiti 2,352. Faili la .iso halikuundwa kubeba sauti ya namna hiyo. Kwa CD hizo programu hutoa mafaili mawili: moja la .bin lenye sauti yenyewe, na jingine dogo la .cue linaloeleza kila kaswida inaanzia wapi. Mawili hayo yasitenganishwe, wala yasibadilishwe majina ovyo, maana la pili humtaja mwenzake kwa jina.

Kwa nini tusingoje?

Diski za biashara zinazotolewa kwa wingi hupigwa chapa kiwandani, na alama zake ni vishimo halisi ndani ya plastiki. Diski tuliyochomewa na mpiga picha sivyo ilivyo. Ndani yake mna tabaka jembamba la rangi ya kikemikali, na nyuma ya rangi hiyo utando wa metali unaorudisha mwanga. Neno kuchoma halikuja bure: mwale wa leza huipasha moto rangi ile na kuibadilisha, nukta kwa nukta, katika njia moja inayozunguka kuanzia karibu na tundu la kati na kuelekea ukingoni. Katika CD, njia hiyo ikinyooshwa huzidi kilomita 5. Rangi hufifia kwa jua, joto na umri. Metali nayo huweza kuharibika unyevunyevu ukipenya.

Ndani ya diski mna pia hesabu za kusahihisha makosa, zilizojengwa juu ya kazi ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960. Deki ikishindwa kusoma nukta kadhaa, hesabu hizo huzijaza, na mtazamaji hatambui kwamba kuna kilichoharibika. Hapo ndipo hatari ilipojificha. Diski huweza kuchakaa kwa miaka huku ikicheza vizuri, hadi siku makosa yanapoizidi hesabu. Picha inayoganda ni dalili kwamba akiba hiyo imekwisha mahali fulani. Basi mwenye diski nzima asingoje dalili, na aliyekwisha kuiona dalili asiendelee kuichezesha ili aitazame mara ya mwisho. Aisome kwa ajili ya taswira, kisha aitazame taswira apendavyo.

Namna ya kutengeneza taswira

Mahitaji ni machache. Kompyuta yenye nafasi ya gigabaiti 5 kwa kila DVD ya kawaida, na kama haina draivu, basi draivu ya nje ya kuchomea DVD inayochomekwa kwa waya wa USB. Familia kadhaa zaweza kuchangiana moja, kama tunavyochangiana masufuria ya shughuli.

Programu zipo, nazo ni za bure. Kwenye Windows wengi hutumia ImgBurn. Kwenye Linux zipo Brasero na K3b. Kompyuta za Mac huja na Disk Utility. Windows yenyewe, kuanzia toleo la 7, huweza kuchoma taswira, lakini haitengenezi taswira kutoka kwenye diski, ndiyo sababu ya kuhitaji programu ya ziada. Unapoipakia programu yoyote ya bure, soma kila dirisha linalotokea na ukatae nyongeza zinazojipenyeza.

Kwanza, safisha diski. Tumia kitambaa laini cha pamba, ufute kutoka kwenye tundu la kati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokatiza njia ya data hugusa nukta chache kila mzunguko, na hesabu za kusahihisha huzifidia. Mkwaruzo unaoifuata njia hufuta mfululizo mrefu usiofidika.

Pili, tia diski kwenye draivu, ufunge programu yoyote ya video itakayojifungua yenyewe, kisha chagua kazi ya kutengeneza faili la taswira kutoka kwenye diski. Lipe faili jina linalojieleza, mwaka ukitangulia: 2006-harusi-akina-mama.iso. Jina kama diski1 halitamsaidia mjukuu.

Tatu, angalia unahifadhi wapi. Flashi nyingi za gigabaiti 32 au pungufu zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufikia gigabaiti 4. Taswira ya DVD iliyojaa hukaribia gigabaiti 4.7, kwa hiyo itakataliwa hata flashi ikiwa tupu kabisa. Hifadhi kwanza kwenye diski kuu ya kompyuta. Ukitaka kutumia flashi, ipangwe upya kwa mfumo wa exFAT, ukikumbuka kwamba kuipanga upya hufuta vyote vilivyomo.

Nne, ifungue taswira kabla ya kuondoka mezani. Kwenye Windows 8 na matoleo ya baadaye, ukilibofya faili la .iso mara mbili, kompyuta hulionyesha kama diski iliyotiwa ndani. Programu ya VLC nayo hulicheza moja kwa moja. Tazama mwanzo, katikati na mwisho, na hasa mahali pale unapopapenda zaidi.

Uhakiki

Wanazuoni wa Hadithi walikuwa na desturi iitwayo muqabala: mwanafunzi akimaliza kunakili kitabu cha mwalimu wake, hulinganisha nakala yake na asili, neno kwa neno, na nakala isiyolinganishwa haikuaminiwa. Kazi yetu hii nayo ina muqabala wake.

Kompyuta huweza kulipitia faili zima na kulitolea alama ya uhakiki, ambayo ni mfululizo wa herufi na tarakimu. Alama ya aina ya SHA-256 ina tarakimu na herufi 64. Ikibadilika nukta moja tu ndani ya gigabaiti zote nne, alama hubadilika kabisa. Kwenye Windows fungua dirisha la kuandikia amri, uelekee kwenye folda yenye faili, kisha andika certutil -hashfile 2006-harusi-akina-mama.iso SHA256. Inakili alama hiyo katika faili dogo la maandishi na uliweke pamoja na taswira. Kila utakapohamisha taswira kwenda kwenye flashi au kompyuta nyingine, itoe tena alama ulinganishe. Zikifanana, amana imefika salama. Zikitofautiana, rudia kunakili.

Kuchoma

Sasa tumfikie kijana wa jirani. Kuliandika faili ndani ya diski ni jambo moja. Kuichoma taswira iwe diski ni jambo jingine. Ukiburuta faili la .iso na kulidondosha kwenye diski tupu, kompyuta hufanya ulichoiagiza: huliandika faili lile kama ambavyo ingeandika barua. Deki huikuta diski yenye faili moja isiyolijua, nayo huikataa. Ukichagua kazi ya kuchoma taswira, kompyuta hulifungua faili na kutandaza yaliyomo juu ya diski, kila kipande mahali pake pa asili. Ukiitazama diski hiyo hutaona .iso tena, utaona VIDEO_TS kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo dada yetu asiitupe diski ile aliyorudishiwa. Yumkini ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote alizonazo. Ikiwa faili lile moja linaishia na .iso, basi kijana aliitengeneza taswira, akakosea hatua ya mwisho tu. Na aliitengeneza miaka miwili iliyopita, wakati asili ilikuwa na afya nzuri zaidi. Binti alinakili faili hilo kutoka kwenye diski hadi kwenye kompyuta, alifungue kwa VLC, atafute zile dakika za nasaha. Zikiwa salama, kazi iliyobaki ni kuchoma upya.

Katika kuchoma, yazingatiwe haya. Ukubwa wa DVD ya kawaida ni gigabaiti 4.7 kwa hesabu ya kiwanda, lakini Windows huihesabu 4.37, kwa kuwa kiwanda huzidisha kwa elfu na kompyuta huzidisha kwa 1,024. Taswira inayoonekana kuwa 4.5 haitaingia, itahitaji diski ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5. Chagua DVD-R au DVD+R, zinazoandikwa mara moja. Zenye herufi RW hufutika na kuandikwa upya, na kitu kinachofutika si mahali pa kuweka wosia wa mama.

Usichome kwa kasi ya juu kabisa. Diski iliyoandikwa 16x ichomwe kwa kasi ya kati, kama 8x au 4x. DVD iliyojaa kwa 4x huchukua takriban robo saa. Hakikisha betri ya kompyuta imejaa, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi diski huwa imeharibika, na diski ya kuandikwa mara moja haina toba. Zuia kompyuta isilale, wala usifungue kazi nyingine nzito. Weka alama kwenye kisanduku cha kuhakiki, ili programu ikimaliza kuchoma isome tena diski yote na kuilinganisha na taswira. Kisha ijaribu kwenye deki ya sebuleni.

Andika jina kwa kalamu ya maka yenye wino wa maji, na kwa wepesi. Katika CD, tabaka la data liko chini kidogo tu ya upande wa lebo, na ncha ya kalamu ya risasi au bairo huweza kulijeruhi. Katika DVD tabaka hilo liko katikati ya vipande viwili vya plastiki, lakini desturi iwe moja. Karatasi za kubandika ziepukwe.

Diski inapokataa kusomeka

Programu ikilalamika kwamba imeshindwa kusoma, usikate tamaa, wala usiilazimishe diski izunguke usiku kucha. Jaribu draivu nyingine. Draivu mbili hazilingani macho, na moja yaweza kusoma iliposhindwa nyingine. Ikiwa bado, ipo programu ya bure ya Linux iitwayo GNU ddrescue. Yenyewe huchukua kwanza sehemu zote nzima, ikaruka zenye makosa, kisha ikazirudia zile ngumu moja moja, ikiandika katika kumbukumbu ilichokipata na kilichobaki. Kazi yaweza kusimamishwa leo, diski ikahamishiwa kwenye draivu nyingine kesho, na programu ikaendelea ilipoishia. Mwishoni huenda ukakosa sekunde chache za ngoma ya lelemama, ukayapata maneno ya mama yote.

Kuhusu kupaka dawa ya meno ili kuondoa mikwaruzo, hiyo isiwe tiba ya kwanza. Hukwangua plastiki na huweza kuacha mikwaruzo mipya. Tena haina faida yoyote ikiwa kidonda kiko upande wa lebo wa CD, kwani pale kilichobanduka ni metali yenyewe.

Sitara na haki za watu

Dada yetu ameona jambo ambalo wengi hawalioni. Mtu akipeleka diski dukani, fundi huitengeneza taswira ndani ya kompyuta yake, akachoma nakala, akakabidhi diski mbili na kupokea fedha. Ile taswira imebaki. Huenda ikakaa pale miaka, katika kompyuta inayotumiwa na vijana watatu, na siku moja ikauzwa na vyote vilivyomo. Fundi aweza kuwa mwaminifu kabisa, akasahau tu kufuta. Wanawake waliorekodiwa siku ile walikubali kuonekana na wanawake wenzao, hawakukubali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo rekodi za ndani zishughulikiwe ndani. Ikilazimu kwenda dukani, mwenye diski akae pale hadi mwisho, na taswira ifutwe mbele yake, pamoja na kuondolewa kwenye pipa la taka la kompyuta. Kwa dada yetu, hatua hiyo imwendee pia kijana wa jirani, kwa upole na shukrani: kwanza aulizwe kama lile faili bado analo, kwani huenda likahitajika, likishapatikana na kuhakikiwa, aombwe alifute. Binti naye asiitume taswira hiyo kwenye makundi ya simu, hata ya ukoo.

Jambo la pili ni haki ya mtunzi. Madrasa na vikundi vya kaswida vimegharamia studio, na diski zao ni jasho lao. Kuihifadhi CD uliyoinunua ili isipotee ni jambo moja. Kuichoma nakala hamsini ukaziuza nje ya msikiti ni kula haki ya mtu. Sheria nazo zipo: Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Zanzibar ina yake ya mwaka 2003, na Kenya ina ya mwaka 2001. Kamati za misikiti zenye kabati la mihadhara ziwaendee wenyewe au warithi wao, ziombe idhini ya kuhifadhi na kusambaza. Kumpata sheikh au mtoto wake leo ni rahisi kuliko itakavyokuwa baada ya miaka kumi.

Kuhifadhi baada ya kazi

Kanuni inayojulikana kwa watunza kumbukumbu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba. Mathalani: taswira katika diski kuu ya kompyuta, nakala yake katika flashi au diski ya nje iliyo kwa shangazi, na DVD mpya iliyochomwa. Moto, mafuriko au mwizi wa usiku mmoja asiweze kuzifikia zote. Ikiwa yaliyomo ni ya sitara, ile ya nje ikabidhiwe mwanamke anayeaminiwa.

Mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unapendekeza diski zikae katika nyuzi joto 4 hadi 20, na unyevunyevu wa hewa wa asilimia 20 hadi 50. Nyumba zetu za mwambao hazina hewa hiyo, na hatutaipata kwa kutamani. Tunachoweza ni kuchagua mahali penye nafuu: kabati la ndani lisilopigwa na jua, mbali na jiko na ukuta unaovuja, diski ikisimama wima ndani ya kasha lake gumu, si kulaliana katika mfuko wa nailoni. Maadamu mahali petu si pazuri kwa diski, tuzikague mara nyingi zaidi. Kila mwaka, kama tunavyofanya usafi mkubwa kabla ya Ramadhani, taswira zitolewe alama ya uhakiki na DVD zitiwe kwenye deki.

Mwisho, liwepo daftari. Liandikwe kila diski ina nini, ilirekodiwa lini, nani wanaonekana, taswira yake iko wapi, na nani wanaruhusiwa kuitazama. Kazi hii apewe mmoja wa vijana wa nyumbani, na afundishwe wa pili, ili elimu isiondoke na mtu mmoja. Anza na diski moja, ile ambayo ikipotea huwezi kuipata kwa mali wala kwa safari, nayo itaichukua familia jioni moja tu.

Tunamwombea dada yetu zile dakika za nasaha zipatikane zikiwa salama, na tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yake pamoja na wazee wetu wote waliotangulia. Akifanikiwa, tunatumai binti yake atatuandikia ni ipi kati ya diski mbili ilikuwa na sauti ya bibi yake.

Wabillahi tawfiq.